Shajara ya mradi: kuchoma peleti za mbao pamoja na makaa ya mawe katika boila ya megawati 150

Juma la 1

Mradi umeanza rasmi Jumatatu, na siku nzima ya kwanza ilikwisha katika kubishania mstari mmoja wa hati ya mradi, ule unaosema kwamba boila itachoma "asilimia kumi ya tungamotaka", yaani mafuta yatokanayo na mimea kama mbao, pamoja na makaa ya mawe. Hati haisemi asilimia kumi ya nini. Watu wa ghala waliisoma kuwa ya ujazo, watu wa mkanda wakaisoma kuwa ya uzito, na sisi wa boila tukaisoma kuwa ya joto, kwa sababu kinachogeuza maji kuwa mvuke ni joto na si kilo.

Naandika hesabu hapa ili zamu zote nne ziwe na karatasi moja. Boila yetu inachoma unga wa makaa ya mawe, na kwa mzigo kamili inahitaji joto la takriban megawati 417 ili kufua megawati 150 za umeme. Iliyobaki huondoka na maji ya kupoozea na moshi. Makaa tunayopokea yana megajuli 24 kwa kilo, kwa hiyo boila hula tani 62 na nusu kwa saa. Peleti za mbao, yaani vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, zikikauka vizuri zina megajuli 17 kwa kilo. Tukitaka sehemu ya kumi ya joto itoke kwenye mbao, tunahitaji tani 8.8 za peleti kwa saa, na makaa yatapungua kwa tani 6.25 tu. Kwa uzito, peleti hizo ni asilimia 13.6 ya mafuta yote yanayoingia. Kwa ujazo ni asilimia 17 hivi, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya peleti ina uzito wa kilo 650 na ya makaa ina kilo 850. Na mtu akipima hewa ya ukaa inayotoka kwenye dohani, atakuta asilimia 11.6 imetoka kwenye mbao, kwani mbao hutoa kilo 112 za hewa ya ukaa kwa kila gigajuli ya joto, wakati makaa ya aina yetu hutoa karibu kilo 95.

Moto ni uleule, namba ni nne. Nimeomba, na nimekubaliwa, kwamba katika mradi huu asilimia isiyotajwa kipimo chake isiandikwe kabisa. Kipimo kikuu kitakuwa joto. Najua kwamba kipimo cha ujazo kingetupendezesha zaidi mbele ya wasomaji wa taarifa, na hiyo ndiyo sababu ya kukiepuka.

Juma la 2

Tumeamua aina ya mafuta. Vipande vya mbao mbichi vilipendekezwa kwa sababu ni rahisi kupatikana, lakini mbao zenye unyevu wa asilimia 45 zina megajuli 9 tu kwa kilo, na mita ya ujazo ina kilo 300 hivi. Joto lililomo katika mita moja ya ujazo ya makaa lingehitaji zaidi ya mita saba za vipande hivyo. Hatuna mikanda ya kubeba mzigo huo wala uwanja wa kuulaza. Zaidi ya hapo, nguvu nyingi ingekwenda katika kukausha maji ndani ya chumba cha moto, na ufanisi wa boila ungeshuka. Peleti zimekaushwa na kushindiliwa kiwandani hadi unyevu usiozidi asilimia 10, zinamiminika kama nafaka, na zinapita kwenye mikanda iliyopo.

Mabua ya nafaka tumeyaweka kando kwa sasa, ingawa tutayarudia kwenye hesabu za kutu. Kuna pia mbao zilizochomwa kidogo bila hewa kwenye nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi, ambazo hufikia megajuli 20 au 22 kwa kilo, hazinyonyi maji kirahisi na husagika karibu kama makaa. Kwa boila kama yetu hayo ndiyo mafuta ningeyatamani, lakini hayapatikani kwa wingi wa kutegemewa, na jaribio lisiloweza kuendelea baada ya mwezi mmoja halitufundishi kitu.

Tulijadili pia namna ya kuchoma. Njia ya kwanza ni kuchanganya peleti na makaa kwenye mkanda na kuyasaga pamoja katika vinu vilevile. Ya pili ni kuwa na mashine ya kusagia mbao peke yake, yenye mabomba na vichomeo vyake. Ya tatu ni kugeuza mbao kuwa gesi nje ya boila na kuiingiza gesi hiyo katika chumba cha moto, kama ilivyofanyika Lahti, Finland, kuanzia 1998, ambapo majivu ya tungamotaka yalibaki mbali na majivu ya makaa. Ya nne ni kuwa na boila mbili zinazolisha mvuke katika mtambo mmoja. Tumechagua ya kwanza kwa kuwa haihitaji ujenzi mkubwa. Naweka wazi maoni yangu tangu sasa: njia ya kwanza ni nafuu kuianza, ila ndiyo inayokutana na ukuta mapema zaidi.

Swali lililoulizwa mara nyingi ni kwa nini mbao zisichomwe katika mtambo wao mdogo. Jibu langu ni kwamba mitambo midogo ya mbao kwa kawaida hugeuza kati ya asilimia 20 na 30 ya joto kuwa umeme, na sisi tunafikia 36. Kilo ileile ya mbao hutoa umeme mwingi zaidi ikipitia mvuke wa boila kubwa. Tena shehena ya peleti ikichelewa, makaa huziba pengo na taa za watu hazizimiki.

Juma la 3

Juma hili lote limekuwa la ghala, na sioni haya kuliandikia kurasa nyingi kuliko moto wenyewe. Lundo la makaa nje huvumilia mvua. Peleti hazivumilii, zikilowa huvimba na kurudi kuwa unga wa mbao. Ndiyo maana zinahitaji ghala lenye paa na kuta, na mara tu unapozifungia ndani unaleta hatari tatu ambazo wafanyakazi waliozoea makaa hawana budi kufundishwa upya.

Ya kwanza haionekani wala hainuki. Peleti zilizorundikwa hutoa kaboni monoksaidi polepole, kwa sababu mafuta ya asili yaliyomo katika mbao huungana na oksijeni ya hewa iliyofungiwa, na katika kazi hiyo oksijeni yenyewe hupungua. Mtu anayeshuka ndani ya ghala lililofungwa anaweza kuanguka kabla ya kuhisi lolote, na anayekimbilia kumwokoa akaanguka juu yake. Amri imebandikwa mlangoni: hakuna anayeingia bila kipima gesi, bila hewa kupitishwa kwanza, na bila mwenzake kusimama nje akiwa na redio. Nimeisoma amri hiyo kwa sauti kwa kila zamu na nimemtaka kila mmoja airudie. Mzee anayesimamia mikanda, ambaye ameingia katika mabunka ya makaa kwa miaka mingi, aliniuliza kama ni lazima hata kwa dakika mbili za kuokota koleo. Nilimjibu, "Hata kwa dakika moja, mzee wangu, koleo tutanunua jingine."

Ya pili ni joto la lundo lenyewe. Peleti zinapovuta unyevu hutoa joto, na lundo kubwa halipitishi joto kwenda nje, hivyo moto unaweza kuanza katikati bila cheche yoyote. Tumechomeka nyaya za vipima joto kwa kina mbalimbali, na tumekubaliana kwamba shehena ya zamani itatumika kwanza. Moto wa aina hiyo haumwagiwi maji hovyo, kwa sababu peleti zilizolowa huvimba kwa nguvu ya kutosha kuharibu kuta za ghala na kuziba njia ya kuzitolea. Mpango wetu ni kuingiza gesi ya nitrojeni kutoka chini.

Ya tatu ni vumbi. Vumbi la mbao lililokauka, likipeperuka hewani na kupata cheche, hulipuka. Kituo cha Tilbury nchini Uingereza, kilichokuwa kimegeuzwa kuchoma peleti pekee mwaka 2011, kilipata moto mkubwa katika sehemu ya kuhifadhia peleti Februari 2012. Nilionyesha picha za moto ule katika mafunzo. Tumefunika sehemu zote ambako mkanda mmoja humwaga juu ya mwingine, tumeweka mashine za kuvuta vumbi, na tumepiga marufuku kufagia kwa hewa ya kupuliza, tabia iliyoota mizizi upande wa makaa.

Juma la 4

Hakuna moto bado. Sumaku ya kunasa vyuma kwenye mkanda wa peleti imefika ikiwa na fremu isiyolingana na nguzo zetu, na fundi wa kuchomelea ameirekebisha kwa siku mbili. Hatutaanza bila sumaku, kwa sababu msumari mmoja ukigonga ndani ya kinu chenye vumbi la mbao ni cheche. Mizani ya mkanda imepimwa upya, na kosa lake ni chini ya nusu asilimia.

Juma la 5

Jumanne, saa nne asubuhi, peleti za kwanza zimeingia katika boila: asilimia 5 kwa uzito, ambayo ni asilimia 3.6 kwa joto. Chumba cha kuongozea mitambo kilijaa watu waliokuja kuona mabadiliko, na hayakuonekana. Mvuke ulibaki kwenye nyuzi 540, shinikizo halikuyumba, na oksijeni kwenye moshi ilihitaji marekebisho madogo tu.

Kupitia dirisha la kutazamia moto nilihisi kwamba miali ilianza karibu zaidi na midomo ya vichomeo. Hilo lina sababu yake. Mbao zikipashwa joto, takriban asilimia 80 ya uzito wake mkavu hutoka kama gesi inayowaka, wakati makaa yetu hutoa asilimia 30 hivi na kubakiza kaa gumu linaloungua taratibu. Chembe ya mbao huwahi kushika moto. Ndiyo maana pia haihitaji kusagwa laini kama makaa, ambayo kwa kawaida husagwa mpaka asilimia 70 ya unga ipite kwenye tundu la mikroni 75, yaani sehemu 75 za elfu za milimita. Chembe ya mbao ya milimita moja huisha kabla ya kufika juu ya chumba cha moto.

Tumeendesha siku nne kwa kiwango hiki. Jambo la maana pekee ni kwamba kinu namba 2 kinanguruma tofauti.

Juma la 6 na la 7

Tumepanda hadi asilimia 10 kwa uzito. Kwa joto, kwa mujibu wa vyeti vya shehena, ni asilimia 7.3. Huu ndio wakati ambapo kazi imehama kutoka kwenye boila na kwenda kwenye vinu.

Kinu chetu husaga kwa magurudumu matatu mazito yanayobingirika juu ya meza inayozunguka. Makaa ni kitu kinachovunjika, yakibanwa hupasuka. Mbao ina nyuzi. Ikibanwa hulala, hubonyea na kuinuka tena. Ukweli ni kwamba kinu hakisagi peleti, bali huzirudisha katika unga wa mbao zilikotengenezwa. Chembe ambazo kiwandani zilikuwa za milimita mbili hutoka katika kinu zikiwa na ukubwa huohuo au pungufu kidogo. Chekecheo lililo juu ya kinu, lililotengwa kwa ajili ya unga laini wa makaa, huzikataa na kuzirudisha mezani, zikazunguka tena na tena, na wakati huo zinashika nafasi ya makaa. Mkondo wa umeme wa mota umepanda, na tofauti ya shinikizo la hewa kati ya chini na juu ya kinu imepanda pia. Tumelegeza chekecheo kidogo. Mbao zimepita vizuri zaidi, lakini makaa nayo yamepita yakiwa na chembe kubwa, na kaboni isiyoungua katika majivu imeongezeka. Kila upande tunaougusa unavuta upande mwingine.

Joto la kinu ni suala jingine. Hewa inayobeba unga huingia ikiwa moto ili kukausha makaa, na kwa makaa peke yake tulizoea kuiacha ifike nyuzi 260. Mbao huanza kutoa gesi zake zinapokaribia nyuzi 200, na gesi hizo zikijikusanya ndani ya kinu kilichosimama ghafla, mlipuko hauko mbali. Tumeshusha hewa inayoingia hadi chini ya nyuzi 200, na mchanganyiko unaotoka tunauweka kwenye 65. Gharama yake ni kwamba makaa hayakauki kama zamani na uwezo wa kinu umepungua tena. Tumebadilisha pia utaratibu wa kusimamisha kinu, ili kila kinapozimwa mvuke uingizwe kwanza na meza imalizwe kusafishwa kabla ya mlango kufunguliwa.

Upande wa moshi habari ni njema. Dioksidi ya salfa imeshuka kwa asilimia 7 hivi, jambo lililotarajiwa kwa kuwa mbao karibu hazina salfa. Oksidi za nitrojeni zimeshuka pia, ingawa hubadilika sana kufuatana na hewa ya vichomeo, na sitaki kuzisifu mbao kwa kazi ambayo huenda imefanywa na mkono wa mwendeshaji.

Juma la 8

Mvua ya siku tano. Vumbi kwenye ngazi za mkanda namba 3 limeongezeka mno, na wafagiaji wamelalamika kwa haki. Nimeandika kwamba peleti zinavunjika zaidi wakati wa kumwagwa kutoka juu. Tutapunguza kimo cha kumwagia.

Juma la 9

Tumejaribu lengo lenyewe: asilimia 13.6 kwa uzito, yaani asilimia 10 kwa joto. Tulianza Jumatatu saa sita mchana. Vinu vitatu havikutosha, ikabidi kinu cha nne, kile cha akiba, kiwashwe. Kwa saa kumi na nne boila ilienda kwa mzigo kamili, na niliamini tumefika.

Saa nane usiku kinu namba 2 kilijaa. Tofauti ya shinikizo ilipita kikomo, ulinzi ukakizima, na kwa kuwa akiba ilikuwa tayari kazini hapakuwa na cha kushika nafasi yake. Mzigo ulianguka hadi megawati 128, na waendeshaji walilazimika kuwasha vichomeo vya mafuta ya dizeli ili kutuliza moto. Hakuna aliyeumia. Zamu ilifuata utaratibu mpya wa kusafisha kinu hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja, na nawashukuru hapa kwa maandishi.

Tuliufungua mlango asubuhi. Juu ya meza palikuwa na zulia la nyuzi za mbao lenye unene wa kiganja, limeshindiliwa hata likang'aa, na makaa yalikuwa yakiteleza juu yake bila kusagika. Nililitazama kwa muda mrefu. Hakuna marekebisho ya chekecheo yanayoweza kuondoa kitu kama hicho, kwa sababu kinatokana na asili ya mbao na umbo la kinu. Tumerudi kwenye asilimia 10 kwa uzito, na nimeandika katika taarifa kwamba hicho ndicho kikomo cha kusaga pamoja katika vinu hivi, kwa makaa haya, tukitaka kubaki na kinu cha akiba. Boila ingeweza kupokea zaidi. Kituo cha Drax nchini Uingereza, ambacho kila mashine yake ina zaidi ya megawati 600, kilianza kwa kuchanganya kama sisi, kisha kikageuza mashine nzima nzima kuanzia 2013, na kufika huko kulihitaji kujenga upya njia ya mafuta kutoka ghalani hadi kwenye kichomeo.

Juma la 10

Boila imesimamishwa kwa ukaguzi uliopangwa. Nimeingia mwenyewe katika sehemu ya mabomba ya kuongezea mvuke joto, nikiwa na tochi na kikwaruzo. Majivu yaliyoshika kwenye mabomba ni makavu, ya kijivu, na yanaanguka kwa kuguswa. Vipimo vya unene wa mabomba havionyeshi tofauti na vya mwaka jana.

Hilo ni la mbao, zenye majivu chini ya asilimia 1 na klorini kidogo sana. Tungechoma mabua tungeona jambo jingine. Mabua yana potasiamu na klorini nyingi, na katika moto viwili hivyo hupaa pamoja kama mvuke wa chumvi, kisha hutua juu ya mabomba yenye ubaridi kiasi kuliko moshi. Kloridi ya potasiamu huyeyuka kwenye nyuzi 770, na ikichanganyika na chumvi nyingine huyeyuka mapema zaidi. Hunata, hukamata majivu, na klorini yake hula chuma taratibu chini ya gamba.

Hapa makaa, ambayo tunajitahidi kuyapunguza, yanatoa msaada ambao haufai kusahauliwa. Salfa yake huigeuza kloridi ya potasiamu kuwa salfeti, ambayo haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 1,069 na haiumi chuma kwa ukali ule, na klorini huondoka na moshi. Udongo uliomo katika majivu ya makaa nao hufunga potasiamu. Wahandisi wengi huhesabu moli (kipimo cha idadi ya chembe) za salfa kwa kila moli ya klorini, na wakipata zaidi ya nne huwa na amani. Kwa mabua peke yake nimepata chini ya moja. Kwa mabua yanayotoa asilimia 10 ya joto pamoja na makaa yetu nimepata karibu saba. Wadenmarki walilithibitisha hili kwa chuma na moto huko Studstrup kati ya 1996 na 1998, katika mashine ya megawati 150 sawa na yetu, ambayo iliendeshwa kwa mabua yaliyotoa asilimia 10 hadi 20 ya joto. Boila ilistahimili, ingawa kadiri mabua yalivyozidi ndivyo na majivu yaliyonata yalivyozidi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mabua hayafai kabisa. Yanafaa yakiwa machache, makaa yakiwa na salfa ya kutosha, na mtu akipima klorini ya kila shehena.

Juma la 11

Majivu. Mnunuzi wetu wa saruji aliomba sampuli kabla ya kupokea lori jingine. Kaboni isiyoungua imebaki ndani ya kikomo chake, na alkali, yaani potasiamu na sodiamu, hazikupanda kiasi cha kumtisha, kwa kuwa mbao huchangia sehemu ndogo mno ya majivu yote. Kiwango cha Ulaya cha majivu yanayotumika katika zege, EN 450-1, kinayakubali majivu ya mchanganyiko kwa masharti, lakini mnunuzi ndiye mwenye uamuzi, na ameomba kupewa taarifa kila tunapobadilisha kiasi cha mbao. Ni ombi la haki. Lori limeondoka.

Juma la 13

Majibu ya maabara ya kaboni-14, aina ya kaboni inayooza polepole, yamefika, na yametufanya tufungue upya madaftari yote.

Njia hii naipenda kwa sababu haisikilizi mizani yetu wala vyeti vya muuzaji. Mti ulio hai huvuta kaboni-14 kutoka hewani. Nusu ya kaboni hiyo huoza kila baada ya miaka 5,730, na makaa yaliyolala ardhini mamilioni ya miaka hayana hata chembe. Ukikusanya hewa ya ukaa kutoka kwenye dohani na kupima kaboni-14 iliyomo, unajua ni sehemu gani ya kaboni hiyo ilikuwa mti. Tulikusanya kwa saa nane katika juma la 8, tukiwa kwenye asilimia 10 kwa uzito.

Maabara imesema asilimia 8.1 ya hewa ya ukaa ilitoka kwenye mbao. Nikiigeuza kuwa joto, kwa zile kilo 112 na 95, napata asilimia 7.0. Vyeti vya shehena viliahidi 7.3. Tofauti ni ndogo, na sina budi kusema kwamba kipimo chenyewe kina shaka inayoweza kuizidi: majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni-14 hewani, kwa hiyo mbao za mti mzee na za mti kijana hazina kiasi sawa, na lazima mtu akisie umri wa miti iliyotengeneza peleti. Kwa kipimo hicho peke yake nisingemshtaki mtu.

Lakini kilinifanya nirudi kwenye sampuli za akiba zilizofungwa katika mitungi, zilizochukuliwa mlangoni mwa kinu siku ileile. Vyeti vilipimwa bandarini, peleti zikiwa na unyevu wa asilimia 8. Mitungi ya mlangoni mwa kinu imeonyesha asilimia 12. Kwa unyevu huo thamani ya joto inashuka kutoka megajuli 17 hadi 16.2 kwa kilo, na asilimia 10 kwa uzito inakuwa asilimia 7.0 kwa joto. Maji yaliingia wapi? Paa la ghala upande wa kaskazini lina mshono uliofunguka, juu kabisa ya mkanda namba 3. Lile vumbi la juma la 8 halikutokana na kimo cha kumwagia kama nilivyoandika. Peleti zilikuwa zimevuta unyevu na kuanza kubomoka. Wafagiaji waliliona tatizo majuma matano kabla ya maabara, nami nililiandika vibaya. Nimewaendea na kuwaeleza hivyo.

Kilichonitia hofu zaidi ya hesabu ni kwamba unyevu huohuo ndio unaoamsha joto ndani ya lundo. Nimekagua kumbukumbu za nyaya: sehemu ya kaskazini ilipanda nyuzi 9 katika siku sita, kisha ikatumika na kuisha kwa sababu tulifuata kanuni ya shehena ya zamani kwanza.

Juma la 14

Paa limezibwa. Taarifa ya mwisho ya awamu hii imeandikwa kwa asilimia 7.0 kwa joto, pamoja na maelezo ya kwa nini si 7.3 wala 10.

Niliombwa nieleze pia ni kiasi gani cha hewa ya ukaa tumeokoa, na hapo niliandika kwa uangalifu kuliko popote. Kwenye dohani hatukuokoa kitu. Kwa kila gigajuli mbao hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko makaa. Hesabu za kimataifa haziihesabu upande wa nishati kwa sababu inatakiwa ihesabiwe upande wa misitu na ardhi, mti unapokatwa. Kwa hiyo faida yote ya mradi huu iko mahali ambapo peleti zilitoka. Zikiwa ni vumbi la mbao la viwandani ambalo lingeoza au kuchomwa bure, faida ni ya kweli na inapatikana upesi. Zikiwa ni miti mizima iliyokatwa ili ichomwe, deni hilo hulipwa miti mingine ikiota, kwa muda wa miongo. Nimependekeza mkataba ujao ukubali mabaki ya viwanda vya mbao pekee, hata kama kiasi kitakuwa kidogo kuliko uwezo wa vinu vyetu, na nimeambatanisha hesabu ya mashine tofauti ya kusagia mbao yenye vichomeo vinne vyake, kwa ajili ya awamu ya pili.

Kuanzia Jumatatu sampuli za unyevu zitachukuliwa mlangoni mwa kinu kila baada ya saa mbili, na fomu ya zamu imechapwa upya: safu ya kwanza ni joto, ya pili ni uzito, na safu ya ujazo imeondolewa. Safu ya mwisho ni ya maoni ya wafagiaji.